Chemchemi Iliyopimwa kwa Mwito

Sauti iliyonitia hofu kwanza haikuwa kubwa. Ilikuwa ya mwanamume akiita kutoka ndani ya ukungu, juu yetu, pale ambapo mashamba ya kabichi yanakoma na msitu wa Uluguru unaanza kujifunga. Aliita neno moja, "Nimefungaaa," akalivuta hadi likakatika lenyewe, na hakuna aliyemwitikia.

Karibu nami walisimama wanaume kadhaa, watu wa mlimani, wenye masikio mazuri kuliko yangu. Wote walisikia. Niliona macho yao yakigeukia msituni, kisha yakarudi na kutulia kwenye matope, kama ya watu wanaopishana njiani na mtu wasiyetaka kusalimiana naye. Nyapara Pius, ambaye kazi yake siku ile ilikuwa hiyo moja tu ya kuupokea mwito na kuupeleka bondeni, alikuwa akisafisha ukucha kwa kijiti. Mwito ukaja tena. Akaendelea na ukucha. Ulipokuja mara ya tatu alikitupa kijiti, akaweka viganja mdomoni, akapaza sauti kuelekea chini, "Amefungaaa," kisha akanigeukia na kutabasamu kwa adabu, kama mtu aliyeitimiza kazi yake sawasawa.

Wanangu mnaosomea fedha za umma, mmeniomba niwaandikie juu ya kazi ya kuuza hatifungani za miji, na bila shaka mlitarajia nianze na riba. Nitaanza hapo pa ukungu, kwa sababu kila nilichokijua baadaye kuhusu kazi hii nilikipata pale, nikiwa na viatu vilivyojaa maji na shahada ya pili ya uchumi niliyokuwa nimeileta kutoka Bombay muda mfupi uliopita.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini. Mji wa Morogoro ulikuwa ukikua na visima vyake vilikuwa vikichoka. Baraza la mji liliamua kuvuta maji kwa bomba kutoka chemchemi moja ya mlimani, na kwa kuwa halikuwa na fedha za kutosha, likaamua kuwakopa wananchi kwa kuwauzia hati za mkopo, ambazo siku hizi mnaziita hatifungani. Mwenye hati angelipwa polepole kutokana na ada za maji. Jambo ni rahisi kulieleza. Ugumu wake ni kwamba ahadi ya mkopo ikishauzwa haifumuliwi. Inaishi hadi karatasi ya mwisho ilipwe, na katika mkopo ule hiyo ilikuwa sawa na umri wa mtoto mpaka naye apate watoto.

Aliyenipokea katika ofisi ya baraza ni Bwana Fernandes, karani mkuu wa mikopo, Mgoa mnene mwenye sauti nyembamba kama ya filimbi. Baraza lilikuwa halijawahi kumwajiri mwanamke katika chumba kile. Baba yangu, Karim mwenye duka la nguo karibu na soko, aliwatangazia habari hiyo wateja wake wote, hata waliokuja kununua kifungo kimoja. Bwana Fernandes hakuonyesha mshangao wala furaha. Alinipa kiti, penseli, na onyo.

"Shirin," alisema, "tangazo la mkopo usimsomee mwanasheria. Msomee muuza vitunguu. Akicheka, chana. Akinyamaza, chana. Akiuliza swali, kaandike jibu la swali lile."

Nilidhani anatania. Wiki iliyofuata alinituma sokoni kweli, na rasimu mkononi. Muuza vitunguu alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na mvua isiponyesha?" Nilirudi nikaandika kipengele kizima juu ya ukame, na nilikiandika kwa fahari. Kilisema kwamba kiangazi kikikaza, mji utachukua kwanza kiasi cha maji kilichotajwa katika tangazo, na watumiaji wengine wa chemchemi watapata kitakachosalia. Wakopeshaji hupenda lugha hiyo. Bomba likikauka ada hazilipwi, na ada zisipolipwa karatasi yao haina kitu.

Hao watumiaji wengine walikuwa na majina. Aliyekuwa mbele yao ni Mama Klara, mkulima wa bustani katika kijiji cha misheni kilicho chini ya chemchemi. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na yeye na kaka yake Mkude ndio walioushikilia msitu ule kwa niaba ya ukoo wao. Ramani ya injinia wa baraza iliita mahali pale Chanzo cha Pili. Wenyewe walikuwa na jina lao, na katika muda wote tuliofahamiana hawakulitamka mbele yangu.

Nilimkuta akimenya njegere uani kwake. Nilimwamkia, akaitikia bila kuniangalia, akaniuliza kama mimi ni yule mtoto wa Karim aliyekuwa akila karoti zake mbichi dukani. Nilikiri. Ndipo akauliza kiangazi kikikaza bustani zake zitakunywa nini. Nikamweleza kwamba kwa makadirio ya injinia chemchemi ina nguvu, na kwamba mji utachukua nusu tu ya maji yake.

"Basi sikieni wote wawili," alisema, maana injinia alikuwa nyuma yangu. "Maji siwapi. Nawapa yanayobaki."

Injinia alicheka. Mama Klara akamwambia acheke tu, meno nayo yapate hewa.

Alitoa ruhusa kwa sharti moja: mgeni asifike kwenye jicho la maji. Vipimo vyote vingefanywa na Mkude peke yake. Injinia hakuona ubaya, akabuni utaratibu ambao hata sasa nauona wa akili. Alijenga tangi dogo la saruji chini ya jicho la maji, lenye tundu la kutolea. Mkude alipokuwa tayari aliliziba tundu kwa mikono yote miwili na kuita. Nyapara Pius, aliyesimama katikati ya mteremko, aliupokea mwito na kuupeleka chini, na injinia, aliyeketi uwazini, akaanza kuhesabu kwa saa yake. Tangi lilipojaa, Mkude, ambaye sasa mikono yake ilikuwa huru, aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Mlio wa chuma haukuhitaji mpokezi. Ulishuka wenyewe hadi bondeni, na injinia akasimamisha saa.

Sasa turudi kwenye ukungu.

Bwana Fernandes alikuwa na kanuni nyingine: aliyekopesha hataliona bomba, kwa hiyo wewe unayeuza ulione kwa niaba yake. Yeye mwenyewe hakupanda, alisema magoti yake yamestaafu kabla yake. Nilipanda mimi, siku ya kipimo cha mwisho, nikasimama na Pius, nikasikia yale niliyowaeleza.

"Mbona hukuitikia?" nilimuuliza.

"Niliitikia, dada."

"Mara ya tatu."

"Ndiyo hiyo." Alisema kana kwamba nimemuuliza kwa nini anavaa kofia kichwani. "Anayeita mara moja humu ndani hatumjui. Mtu ataita tena."

"Na wa mara ya pili?"

"Wa pili unamsikiliza tu. Wa tatu ni binadamu, ana shida zake, unamjibu."

Wenzake wakaanza kunitania. Mmoja alisema mimi niliinua kichwa mara ya kwanza kabisa, hivyo huko juu nimeshachumbiwa, na mahari itakuja kwa kabichi. Nilicheka nao. Nilikuwa bado nacheka wakati reli ilipogongwa msituni, na mlio wake ukatupita ukishuka moja kwa moja, bila kumsubiri mtu. Hapo kicheko kikaniishia.

Tulipofika chini injinia alinipa mkono. Kipimo kilikuwa kimekubaliana na vyote vilivyotangulia. Nilitembea nyuma yake nikifikiri, na kufikiri kwangu, wanangu, ni ugonjwa wa zamani. Mwanzo wa kipimo ulipitia kinywa cha mtu aliyelelewa asijibu upesi. Mwisho wake ulipitia chuma, ambacho hakikulelewa na mtu. Saa ilianza kwa kuchelewa na kusimama kwa wakati. Tangi lilikuwa limeshaanza kunywa kabla hatujaanza kuhesabu, kwa hiyo lilionekana limejaa upesi, na chemchemi ikaonekana ina nguvu isiyokuwa nayo. Ingekuwa tangi kubwa, kuchelewa kule kusingekuwa kitu. Lilikuwa dogo. Na vile vipimo vya awali vilikubaliana kwa kuwa vyote vilikosea namna moja, kama kwaya iliyofundishwa wimbo na mwalimu mmoja kiziwi. Likumbukeni hilo mnapoletewa jedwali ambalo kila safu yake inapatana. Ulizeni nani alikuwa akipokea mwito.

Nilimweleza injinia kabla hajawasha gari. Alisikiliza kwa upole. Akasema ni pumzi chache tu, Miss Karim, akaondoka kwenda Kilosa alikokuwa akingojewa.

Pumzi chache. Nilitaka kujua ni ngapi. Nilimngoja Mkude uani kwa Mama Klara, pamoja na Pius, na aliposhuka, suruali imelowa hadi magotini, nilimuuliza hufanya nini kati ya mwito mmoja na mwingine. Alisema husali Salamu Maria moja, taratibu, kisha huita tena. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimepata kipimo cha kipimo. Miito mitatu, kati yake Salamu Maria mbili. Nizipime kwa saa, nizijumlishe kwenye hesabu ya injinia, nipate nguvu halisi ya chemchemi. Kwa ajili ya ukamilifu tu nikamwambia, "Kwa hiyo leo uliita mara tatu."

"Mara mbili," alisema Mkude.

Nikamwambia nilisikia mara tatu.

"Mimi huita mara mbili. Sijawahi kuhitaji ya tatu. Pius hunijibu ya pili."

Nilimtazama Pius. Pius alikuwa akizitazama kucha zake, ambazo sasa zilikuwa safi sana. Alisema polepole kwamba yeye hujibu ya tatu, siku zote, na kwamba siku zote huwa tatu. Mama Klara akaacha kumenya njegere zake.

"Umepata ulichokitafuta, mwanangu," alisema. "Usikitafute zaidi."

Mkinisoma leo, chini ya taa za umeme, mtaona maelezo kwa urahisi, na mimi niliyaona yote. Nilifikiria mwangwi; lakini mwangwi hufuata sauti, hauitangulii. Nilifikiria mtu wa kijiji anayefanya mzaha. Lakini mlimani siku ile walikuwapo Mkude na wale niliosimama nao, na hao niliwaona midomo. Nilifikiria kwamba Mkude amesahau, au anaogopa, au anasali bila kujua kwamba ameshaita. Kila wazo nililitoa nikaliweka mezani, nikalizunguka, nikalirudisha. Lililobaki ni lile ambalo sikuwa na safu ya kuliandikia: kwamba kila mara, kabla Mkude hajaliziba tundu, kitu kilisema kwa sauti yake kwamba ameliziba.

Na shida yangu ilikuwa ya kihesabu, msinicheke. Kama miito yote mitatu ilikuwa ya Mkude, saa ilichelewa kwa Salamu Maria mbili. Kama wa kwanza haukuwa wake, ilichelewa kwa moja. Nilifanya hesabu zote mbili. Kwa sala moja, mji ukichukua kiasi kilichotangazwa, bustani za Mama Klara zingepona kwa taabu. Kwa sala mbili, kiasi kile cha mji kilikuwa karibu chemchemi nzima. Kipengele changu cha fahari kingeukausha mto wake kila kiangazi, kihalali, kwa kizazi kizima. Sikuweza kuandika tarakimu sahihi bila kuamua kwanza ni nani aliyeita.

Bwana Fernandes alikuwa ameshapanda treni kwenda Dar es Salaam kufungua mauzo Jumamosi asubuhi. Kupima upya hakukuwezekana. Mvua za kwanza ziliniangukia mgongoni nilipokuwa nikishuka kutoka kwa Mama Klara, na chemchemi iliyokwisha kunywa mvua haisemi kweli hadi kiangazi kingine. Ama mkopo uuzwe na kipimo kile, ama mji ungoje mwaka mzima, na mimi niwe yule msichana msomi aliyesimamisha mkopo wa mji kwa sababu ya sauti.

Nilikaa na penseli asubuhi yote ya Ijumaa katika chumba cha nyuma ya duka letu, nikitafuta tarakimu ya kumpelekea Bwana Fernandes. Niliona ni utovu wa adabu kumwambia mkuu wangu kwamba hesabu yake ni mbovu bila kuwa na iliyo njema mkononi. Adhuhuri baba aliniita kutoka dukani. Nilinyamaza, nikangoja aite tena. Sikujua kwamba nimeshaizoea desturi ile mpaka nilipojiona nangoja. Hakuita tena. Nilipotoka mbele nilikuta milango ya duka imefungwa kwa komeo, vitambaa vimefunikwa, na kumbe baba alikuwa msikitini tangu mapema.

Niliiacha penseli pale pale kaunta.

Nitawaeleza mwisho wa mambo kabla ya kiini chake, maana najua mtanisumbua. Mwaka uliofuata, kiangazi kilipokaza, tulipima tena, na safari ile tuligonga reli mwanzoni na mwishoni. Mkude aliliziba tundu kwa mbao yenye kamba ili mikono yake iwe huru. Hakuna aliyeita, na Pius alilalamika kwamba nimemfukuza kazi kwa chuma. Chemchemi ilikuwa dhaifu. Mkopo ulipunguzwa, bomba likawa jembamba, na maji mjini yakaja kwa zamu. Wanawake waliopanga ndoo zao bombani waliiita foleni ile foleni ya binti Karim, na walinitazama kwa namna ambayo ilimfanya baba aache kuwatangazia wateja habari zangu. Kabichi za Mama Klara ziliendelea kushuka sokoni. Aliniuzia kwa bei ile ile ya watu wote.

Tangu hapo nimeuza hati za shule, za barabara, za masoko. Nimefanya kazi kwa kalamu ya wino, kwa mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono, na mwishoni kwa kompyuta ambayo wajukuu walinifundisha kwa subira ndogo. Njia zimebadilika zote. Ila mpaka leo mtu akiniita mara moja simjibu, na wanaonifahamu wamezoea.

Ijumaa ile nilikwenda posta ya Morogoro, iliyokuwa na kibanda kimoja cha simu za mbali, chenye dirisha la kioo. Karani wa swichi, mzee mwenye miwani, aliniambia Dar es Salaam ina foleni, niingie nisubiri. Niliingia, nikafunga mlango, nikauweka mkono wa simu sikioni.

"Shirin," ilisema sauti nyembamba ya Bwana Fernandes, karibu sana, bila mkwaruzo wowote, kana kwamba tumesimama wote kibandani.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Nikatazama kupitia kioo. Karani alikuwa bado ameshika waya mkononi, hajauchomeka popote. Aliniona namwangalia, akaniinulia kiganja kwamba nisubiri, bado hajaniunganisha.

Nikafunga kinywa. Sikuuondoa mkono wa simu sikioni, nilibaki nasikiliza, na hapakuwa na kitu isipokuwa ukimya wa mahali palipo wazi. Kisha nikamwona karani akichomeka waya. Mkwaruzo ukajaa, kama mvua juu ya bati.

"Shirin?" sauti ikatoka mbali, katikati ya kelele.

Nikaisikiliza tu.

"Shirin, upo? Simu hii ina gharama, mama."

Hapo nikamjibu. Nikamwambia, "Bwana Fernandes, usifungue mauzo kesho. Kipimo cha maji si sahihi."

Aliuliza kilicho sahihi ni kipi.

"Sijui," nikasema. "Na mwaka huu hatutakijua. Ninachokijua ni kwamba mama mmoja ametupa yanayobaki, nasi tunawauzia watu yote."

Hakuniuliza nimejuaje. Kisha, kwa mbali sana, ndani ya mkwaruzo, nikasikia karatasi ikichanwa.